Sura ya Sita: Ikae Kwenye Umeme au Isikae?

Ukiingia steshenari yoyote ya Manundu, Korogwe mjini, saa nne asubuhi, utakuta kompyuta mpakato mbili au tatu juu ya meza na zote zimechomekwa. Zilichomekwa mlango ulipofunguliwa na zitachomolewa jioni, na nyingine hazichomolewi kabisa. Moja inachapa barua ya maombi ya kazi, ya pili inajaza fomu za mkopo wa chuo, ya tatu ameachiwa mwalimu aliyekuja kuingiza taarifa zake kwenye mfumo wa PEPMIS kwa sababu shuleni kwake mtandao ni wa kubahatisha. Muulize mwenye duka kama kuziacha hivyo kunaua betri, atakujibu bila kusita. Vuka barabara umuulize fundi simu, naye atakujibu bila kusita, ila majibu yao yatapingana.

Panda basi uende Handeni, kilomita 65 za lami, na mjadala utaukuta umekutangulia. Wapo wanaosema ikijaa chomoa, maana umeme ukizidi betri inakaangika. Wapo wanaosema ondoa betri kabisa, tumia waya mtupu, betri uifungie kabatini uje uikute mpya. Wapo pia wanaoamini kwamba lazima kompyuta iachwe izimike yenyewe kwa kuishiwa, walau mara moja kwa wiki, ndipo ichajiwe mpaka juu. Wote wana nia njema, na kila ushauri una mahali ulikotoka. Lakini mwenye steshenari anayeishi kwa mashine moja aliyonunua kwa mkopo wa kikoba anastahili jibu lililo wazi.

Jibu ni hili: kuchomeka kwenyewe hakuna kosa. Betri huzeeshwa na kukaa imejaa pomoni kwa muda mrefu, na huzeeshwa haraka zaidi inapokaa imejaa pomoni kwenye joto. Mambo hayo mawili yakikutana ndani ya fremu yenye paa la bati lisilo na dari, mwezi Februari, Korogwe, betri iliyotengenezwa kudumu miaka minne huchoka katika miaka miwili. Ukiwahi kutenganisha mambo hayo mawili, unaweza kuacha kompyuta yako kwenye umeme mwaka mzima na usijutie.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi tufungue betri yenyewe, kwa maneno tu, maana kwa bisibisi ni hatari.

Betri za kompyuta mpakato za leo ni za lithiamu. Ndani yake kuna tabaka mbili nyembamba zilizotenganishwa na utando, na zote zimelowa kimiminika kinachoitwa elektroliti. Tabaka moja limepakwa kampaundi ya madini ambayo katika kompyuta nyingi ina kobalti. Jingine limepakwa kinywe, madini yaleyale meusi yaliyopo kwa wingi Mahenge, wilaya ya Ulanga. Ukichaji, ioni za lithiamu huhama kutoka upande wa kobalti na kujipenyeza katikati ya kurasa za kinywe. Ukitumia kompyuta bila waya, hurudi zilikotoka, na safari hiyo ya kurudi ndiyo inayokuwashia skrini.

Kazi hii ilifanywa na watu wengi. Mwaka 1980, John Goodenough, Mmarekani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oxford, alionyesha kwamba oksidi ya kobalti inafaa upande mmoja. Karibu na wakati huohuo, huko Grenoble, Ufaransa, kijana kutoka Fez, Moroko, aitwaye Rachid Yazami, alionyesha kwamba kinywe kinaweza kupokea lithiamu na kuirudisha. Akira Yoshino wa Japani aliunda betri ya mfano mwaka 1985, na kampuni ya Sony ikaiingiza sokoni mwaka 1991. Tuzo ya Nobeli ya kemia ya mwaka 2019 ilikwenda kwa Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham, ambaye aliwatangulia wote katika utafiti wa miaka ya 1970. Yazami hakuwamo, ingawa mwaka 2014 alikuwa mmoja wa wanne waliopewa tuzo ya Draper ya uhandisi kwa kazi hiyohiyo. Natamani wanafunzi wa kidato cha tatu wa Korogwe wafundishwe jina lake, kwa kuwa kila simu iliyo mfukoni mwao ina mkono wa Mwafrika huyo ndani yake. Na ina mikono mingine ya karibu zaidi: zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, kutoka maeneo kama Kolwezi ambako wachimbaji wanazungumza Kiswahili, na sehemu yake hupita Tunduma kwa malori ikielekea bandari ya Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye uzee. Seli moja ya lithiamu ya kawaida ikijaa huwa na volti 4.2, na ikikaribia kuisha hushuka hadi karibu volti 3. Ikiwa kwenye 4.2, upande wa kobalti umenyang'anywa lithiamu nyingi na uko tayari kushambulia kimiminika kilicho jirani yake. Upande wa kinywe nao umeshiba, na juu yake linajengeka tabaka gumu linalotokana na kimiminika kuoza polepole, kama ukoko chini ya sufuria ya wali. Ukoko mwembamba unahitajika, kwa sababu ndio unaokilinda kinywe. Shida ni kwamba hauachi kukua, na kila unapokua unanasa lithiamu ambayo haitarudi tena kazini. Volti ikiwa juu, unakua haraka. Joto likiwa juu, unakua haraka zaidi, kwa sababu mmenyuko wowote wa kikemia huchochewa na joto. Kompyuta ikiwa imezimwa au imewashwa, imechomekwa au imo ndani ya begi, kazi hiyo inaendelea usiku na mchana.

Kwa hiyo hofu ya umeme kuzidi mpaka betri ikaangike haina msingi kwa kompyuta nzima yenye chaja nzima. Ndani ya betri kuna saketi inayohesabu. Seli zikifika volti zilizopangiwa, kuchaji husimama, na tangu hapo kompyuta inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye chaja huku betri ikipumzika pembeni. Ikishuka kidogo, mara nyingi hadi asilimia 95 au chini ya hapo, huongezwa kidogo. Hakuna umeme unaolazimishwa kuingia. Tatizo ni kwamba betri inapumzika ikiwa juu kabisa, mahali ambapo kupumzika kunaiumiza.

Ushauri wa kuiacha izimike yenyewe ulikuwa wa kweli zamani. Kompyuta mpakato za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitumia betri za nikeli na kadimiamu, na hizo zilikuwa na tabia ya kupunguza uwezo zikichajiwa kabla hazijaisha vizuri. Waliofundishwa wakati huo wakawafundisha wengine, betri zikabadilika, ushauri ukabaki. Kwa lithiamu, kuishusha hadi sifuri kila wiki ni kuichosha bure. Mtu akitaka kuishusha mara moja kwa miezi kadhaa ili kipimo cha asilimia kijirekebishe, sawa, lakini kufanya hivyo hakuiongezei betri uhai.

Tuangalie takwimu, maana hapa ndipo Korogwe inapotofautiana na Helsinki. Kampuni ya Cadex ya Kanada, ambayo mwanzilishi wake Isidor Buchmann ameandika kuhusu betri kwa miaka mingi, imechapisha jedwali linalonukuliwa sana na mafundi. Linaonyesha betri ya lithiamu iliyowekwa mwaka mzima bila kutumiwa itabaki na uwezo gani. Katika nyuzijoto 25, iliyowekwa na chaji ya asilimia 40 inabaki na uwezo wa asilimia 96, na iliyowekwa imejaa inabaki na 80. Katika nyuzijoto 40, ya kwanza inabaki na 85, ya pili inabaki na 65. Betri za sasa zimeboreshwa na nyingine zitafanya vizuri kuliko hapo, lakini mwelekeo ni uleule. Soma tena namba ya mwisho. Betri ambayo haijafanya kazi yoyote imepoteza theluthi moja ya uwezo wake ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu tu ilikuwa imejaa na ilikuwa mahali pa joto.

Nyuzijoto 40 ni za kawaida ndani ya kompyuta. Korogwe iko bondeni, milima ya Usambara imeizuia upande mmoja, na kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana hupita nyuzijoto 30. Chini ya bati panakuwa na joto kuliko nje. Kompyuta ikifanya kazi inaongeza joto lake mwenyewe, na betri inakaa sentimita chache tu kutoka kwenye prosesa. Handeni mjini kuko juu kidogo na jioni kuna upepo, lakini mchana wa kiangazi hakuna wa kuringia mwenzake.

Nilimkuta dada mmoja pale Korogwe, mwenye steshenari ya mlango mmoja, akihangaika na kompyuta ambayo mshale wake ulikuwa unakimbia wenyewe kwenye skrini.

"Kaka, hii imeanza kujibonyeza yenyewe. Naandika jina la mtu, inafungua kitu kingine."

Nilipoiinua niliona kibodi imebinuka katikati, na ile sehemu ya kuburuzia kidole imenyanyuka upande mmoja kiasi cha kuingiza ukucha. Mfuniko wa chini ulikuwa umeachana na fremu yake kwenye kona. Ilikuwa imewekwa juu ya kanga iliyokunjwa mara nne ili isikwaruze meza, na kanga ilikuwa imeziba matundu yote ya hewa. Dirisha lilikuwa la magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua lilikuwa linaipiga moja kwa moja, na kwenye kona ya skrini ile alama ya betri ilisoma 100, kama ilivyosoma kila siku tangu ainunue.

"Inakaa na chaji muda gani ukichomoa?"

"Ukichomoa tu imezima. Ndiyo maana siichomoi."

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana makini. Aliizima, akachomoa chaja, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio. Betri ilikuwa na seli tatu bapa, na mbili zilikuwa zimetuna. Kilichozitunisha ni gesi: kimiminika kinapooza kwa volti na joto hutoa gesi, na mfuko wa seli hauna pa kuitolea. Kijana akachukua sindano atoboe itoe upepo, apate kuirudisha. Nilimwomba aiache. Seli ya lithiamu ikitobolewa, tabaka zake mbili zinaweza kugusana na kuwaka moto ambao hauzimiki kirahisi, na moshi wake una sumu. Betri iliyovimba haitengenezwi. Huondolewa na mtu anayejua, isipindwe, isichajiwe tena, iwekwe kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu mbali na vitu vinavyoshika moto, na kamwe isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa jioni.

Yule dada hakuwa na kosa la kuacha kompyuta kwenye umeme. Angekuwa na feni ndogo, akaitoa ile kanga, akageuza meza jua lisiifikie, na akaizuia betri isipite asilimia 80, angeweza kuiacha kwenye waya mpaka leo.

Na hapa nataka kuwatetea wanaochomeka siku nzima, kwa sababu wanalaumiwa kuliko wanavyostahili. Betri huzeeka kwa njia mbili. Moja ni hiyo ya kukaa, tuliyoiona. Ya pili ni ya kutumika, nayo hupimwa kwa mizunguko: ukitumia asilimia 60 leo na 40 kesho, umekula mzunguko mmoja. Betri nyingi za kompyuta mpakato zimetengenezwa kuhimili mizunguko 300 hadi 500 kabla uwezo haujashuka sana, na baadhi, kama za MacBook za miaka ya karibuni, hufika 1,000. Kompyuta iliyochomekwa siku nzima karibu haili mizunguko. Yule anayechomoa ikijaa, akaitumia hadi asilimia 15, akachomeka tena, mara mbili kwa siku, anakula zaidi ya mizunguko 500 kwa mwaka akidhani anaitunza. Kati ya wawili hao, mimi namchagua anayeacha kwenye waya.

Sababu nyingine ya kumtetea ni umeme wenyewe.

Korogwe ni jirani wa mitambo ya umeme ya mto Pangani. Hale, ndani ya wilaya hiyohiyo, kuna kituo cha megawati 21 kilichoanza kazi mwaka 1964, na chini zaidi kuna kile cha Maporomoko Mapya ya Pangani cha megawati 68, kilichokamilika mwaka 1995. Maji yanayoviendesha hutoka Kilimanjaro na Meru, yakipita bwawa la Nyumba ya Mungu. Lakini kuishi karibu na maporomoko hakukuhakikishii taa. Umeme wa Hale huingia kwenye gridi ya taifa na kurudi kwako kwa njia ndefu za nguzo zinazokatiza mashamba ya mkonge na mapori. Nchi ilipopungukiwa umeme mwaka 2006, mwaka 2011, na tena kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, mgao ulifika Korogwe na Handeni kama ulivyofika kwingine. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, uliwashwa Februari 2024, na bwawa zima ni la megawati 2,115, kwa hiyo mgao wa kukosa uzalishaji umelegea. Kilichobaki ni kukatika kwa sababu za njiani: mti umeangukia waya, nguzo imeoza, transfoma imezidiwa, mafundi wanafanya matengenezo kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja.

Kwa mtu wa Handeni, basi, betri ndiyo inayomwezesha mwanafunzi kumaliza kubonyeza kitufe cha kutuma maombi ya mkopo umeme ukikatika katikati ya fomu. Ndiyo maana ule ushauri wa kuondoa betri na kutumia waya mtupu siukubali huku kwetu. Mahali ambapo umeme haukatiki, ni ushauri wenye mantiki, mradi betri iwekwe ikiwa na chaji ya nusu na mahali pa baridi. Hapa, sekunde moja ya giza inafuta kazi ya asubuhi nzima, na kuzimika ghafla mara kwa mara kunaweza kuharibu hata diski iliyobeba mafaili ya wateja.

Kuchomoa kuna sababu yake ya kweli, na inahusu kurudi kwa umeme. Soma kibandiko cha chaja yako: nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Maana yake ule umeme mdogo wa saa mbili usiku, unaofanya taa ziwe nyekundu na friji ingurume bila kugandisha, hauisumbui sana kompyuta. Unaoiua chaja, na wakati mwingine kompyuta yenyewe, ni umeme unaorudi kwa kishindo, au radi za masika. Umeme ukikatika, chomoa ukutani. Ukirudi, uache dakika kadhaa utulie, kisha chomeka. Wingu likianza kunguruma, chomoa hata kama umeme upo. Hapo unailinda chaja na saketi za ndani, betri haihusiki.

Tuje kwenye kikomo cha kuchaji, maana hiki ndicho kifaa ambacho wengi wanacho na hawajui. Kompyuta nyingi zinazouzwa Handeni na Korogwe ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya au Marekani, zikapita Dubai na Kariakoo: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi ambako mashine hukaa mezani imechomekwa, kwa hiyo watengenezaji walishalifikiria swali letu. Dell ukibonyeza F2 inapowaka, kwenye mipangilio ya betri utakuta chaguo la "Primarily AC Use" pamoja na nafasi ya kuweka kikomo chako mwenyewe. ThinkPad huwekewa kikomo kupitia programu ya Lenovo Vantage. HP za ofisini za miaka ya karibuni ukibonyeza F10 zina sehemu ya afya ya betri, na kule chaguo la "Maximize my battery health" huizuia isipite asilimia 80. ASUS nyingi zina kikomo cha 80 na cha 60. Apple waliingiza usimamizi wa namna hiyo kwenye MacBook mwaka 2020. Weka 80, funga, endelea na kazi. Fundi anayekuwekea Windows mpya anaweza kukufanyia hilo kabla hajakukabidhi, na ni halali yako kumwomba.

Asilimia 80 inatosha? Betri ya wati-saa 50 ikiwa na chaji ya 80 ina wati-saa 40. Kompyuta inayoandika na kuvinjari hula kama wati 12 hadi 15, kwa hiyo una saa tatu hivi. Kwa kukatika kwa kawaida zinatosha. Ukipata tangazo la TANESCO kwamba kesho kuna matengenezo kutwa, ondoa kikomo usiku, iache ijae 100, kisha kesho kutwa ukirudishe. Kujaa kwa siku moja hakuna madhara ya kuhesabika. Kinachodhuru ni mwaka mzima.

Kompyuta yako ikiwa ya zamani au ya bei nafuu na haina kikomo chochote, usijisumbue kuilinda kwa kuchomoachomoa. Shughulikia joto. Iinue kwenye vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, iondoe kwenye godoro na kwenye kitambaa, futa vumbi la feni kabla kiangazi hakijaanza, na jioni uizime uichomoe. Ukiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu, punguza joto.

Kuna wanaochomoa kwa kuogopa LUKU. Kuijaza betri ya wati-saa 50 kutoka sifuri, pamoja na unaopotea kama joto, kunakula kama uniti 0.06. Kwa bei ya uniti ya mteja wa kawaida, pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 20. Mwenye kutaka kuokoa umeme aangalie pasi na jiko.

Kosa la upande wa pili nimeliona shuleni. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na vingi vinafanya kazi nzuri. Lakini vingine viliisha chaji vikafungiwa kabatini muhula mzima. Betri ya lithiamu iliyoisha kabisa inaendelea kushuka taratibu, na ikipita kiwango fulani cha chini, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka na saketi ya ulinzi huikataa isichajiwe tena. Mwalimu anakuja kusema kishikwambi kimekufa, na kweli kimekufa. Chombo kinachokwenda kulala kabatini kilazwe na chaji ya nusu, kizimwe kabisa, na kiangaliwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Hili linahusu pia kompyuta ya mwanao wa chuo anayeiacha nyumbani akienda mafunzo kwa vitendo.

Mwisho kuna suala la kununua, ambalo kwa wengi ndilo linaloamua yote, kwa sababu betri ya mtumba inakuja na umri wake. Usikubali kuonyeshwa kompyuta ikiwa imechomekwa tu. Mwombe muuzaji achomoe chaja, uitumie dukani dakika 15 huku ukifungua video na kurasa za mtandao. Kisha, kama ni Windows, fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, na fungua faili litakalotengenezwa. Ndani yake kuna namba mbili za kulinganisha: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na uwezo inaoweza kushika ikijaa leo. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 41,000, una betri yenye maisha mbele yake. Weka kikomo siku hiyohiyo. Ikiwa ya pili ni 22,000, hesabu bei ya betri mpya na uikate kwenye bei ya kompyuta mkiwa bado mnazungumza, na pitisha kiganja chini ya mfuniko na juu ya kibodi kuhakikisha hakuna palipotuna. Kwenye baadhi ya mashine ripoti hiyo huonyesha pia idadi ya mizunguko. Ukikuta mizunguko michache na uwezo mdogo, ujue kompyuta hiyo ilikaa mezani miaka mingi imechomekwa, imejaa, na ina joto.